Ufadhili wa Uzamivu wa Theolojia Ukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kufundisha Chuoni

Kila msimu wa skolashipu unapofungwa, malalamiko huwa yale yale. Mchungaji mwenye uzamili mzuri amekataliwa. Sista aliyefundisha katekesi miaka mingi amekataliwa. Mwalimu wa chuo cha Biblia kule Kayole amejaza fomu tatu na hajapata hata jibu. Alama wanazo, wito wanao, barua ya askofu wameambatisha. Wanauliza, tumekosea wapi?

Mara nyingi wamekosea katika jambo moja: wameandika kama watu wanaoomba msaada. Kamati inayofadhili uzamivu (PhD) wa theolojia inatafuta mhadhiri. Inajiuliza, miaka mitano ijayo huyu atakuwa amesimama mbele ya darasa gani, akifundisha somo gani, na mshahara wake utatoka wapi? Ombi lisilojibu maswali hayo huwekwa kando, hata mwandishi wake awe mcha Mungu kiasi gani.

Kwa hiyo mpangilio wa hapa chini ni tofauti na ule ambao wengi wameuzoea. Chuo kitakachokuajiri kinatangulia, kisha swali la utafiti, kisha msimamizi. Mfadhili anakuja baada ya hao wote.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Fungua folda moja kwenye kompyuta na uwe na bahasha moja ngumu nyumbani. Weka humo:

- Vyeti vyote kuanzia KCSE hadi uzamili, pamoja na karatasi za matokeo. Nakala zithibitishwe na wakili.
- Pasipoti ambayo haijakaribia kuisha muda. Maombi hufanyiwa eCitizen, kisha unakwenda Nyayo House kwa picha na alama za vidole.
- Wasifu wa kitaaluma usiozidi kurasa 3. Masomo uliyofundisha yatangulie vyeo vya kanisani.
- Andiko lako moja la kitaaluma, kurasa 15 hadi 25. Sura ya tasnifu ya uzamili iliyosafishwa upya inatosha.
- Majina ya watu wanne wanaoweza kukuandikia barua. Utahitaji watatu, mmoja ni wa akiba, maana atakuwapo atakayesafiri au kuugua.
- Cheti cha Kiingereza, ikiwa unakwenda nje na chuo kinakitaka. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka 2 tu, basi usiufanye mtihani mapema mno.
- Barua ya kanisa, jimbo au shirika lako la kitawa.

Kuhusu karatasi za matokeo, vyuo vingi vya nje vinataka zitumwe moja kwa moja na ofisi ya msajili. Na kama chuo ulichosomea kimebadilisha jina, mwombe msajili barua fupi ya kueleza kwamba ni taasisi ile ile. Waliosoma NEGST kule Karen kabla haijawa Africa International University wanaijua shida hii: cheti kina jina moja, tovuti ina jina lingine, na kamati iliyoko Ulaya haina namna ya kujua kwamba ni chuo kimoja.

Jipe miezi 18 kabla ya siku unayotaka kuanza masomo. Miezi 6 haitoshi, na wengi wanaoanguka walianza wakiwa na miwili.

## Hatua ya 1: Tafuta darasa utakalorudi kulifundisha

Mashirika kama Langham Partnership na ScholarLeaders yanatoa pesa ili vyuo vya theolojia vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini vipate walimu wake. Hivyo barua ya chuo inayosema "tunamngoja huyu" ina uzito kuliko sifa zako zote.

Nenda ukamwone mkuu wa kitivo ana kwa ana. Nairobi imejaliwa: Africa International University iko Karen, Catholic University of Eastern Africa iko Lang'ata, Chuo cha Hekima kiko Ngong Road, Pan Africa Christian University iko Roysambu, na St. Paul's ni mwendo wa matatu hadi Limuru. Lakini usivipite vyuo vidogo vya Biblia vya mitaani na vya dhehebu lako. Huko ndiko wachungaji wengi wanakofunzwa, na mara nyingi huko ndiko hakuna mwalimu hata mmoja mwenye uzamivu. Kwa mfadhili anayejali, pengo hilo ni hoja nzito.

Ukifika, uliza kabla ya kuomba. Ni somo gani halina mwalimu? Nani anakaribia kustaafu? Naweza kufundisha somo moja muhula ujao, hata kwa malipo kidogo? Mkuu wa kitivo ana sababu zake za kukusikiliza: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka wahadhiri wawe na uzamivu, na kuwapata katika theolojia si rahisi.

Barua dhaifu husema hivi: "Tunamfahamu mchungaji huyu, ni mtu mwaminifu, tunamtakia heri." Barua yenye nguvu husema hivi: "Idara yetu ya Agano la Kale ina mhadhiri mmoja mwenye uzamivu, naye atastaafu 2030. Mwalimu huyu amefundisha somo la Manabii kwetu kwa mihula mitatu. Tumempa likizo ya masomo, na akirejea atafundisha Kiebrania na Manabii kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili." Isome tena hiyo ya pili. Kila sentensi inajibu swali ambalo kamati ilikuwa nalo.

Onyo kwa watawa na wachungaji wanaohamishwa: barua ya mkuu wa shirika na barua ya chuo zisipingane. Chuo kikisema utafundisha Lang'ata, na mkuu wako akiandika kwamba utapangiwa kazi yoyote atakayoona inafaa, kamati itaamini ile ya mkuu wako. Waombe wazungumze wao kwa wao kabla hawajaandika.

Hatua hii imekamilika ukiwa na barua iliyotiwa sahihi na kupigwa muhuri, yenye jina la somo na ahadi ya nafasi. Ukiwa bado huna, usiende hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Punguza mada hadi iwe swali

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, na hapa ndipo nakusihi utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Mada zinazokuja kila mwaka ni kama hizi: "Injili ya mafanikio Afrika." "Ukristo na utamaduni." "Nafasi ya mwanamke kanisani." Zote ni muhimu. Hakuna hata moja inayoweza kutafitiwa na mtu mmoja kwa miaka minne.

Tuchukue ya kwanza tuipunguze. Afrika ni kubwa, basi chukua Nairobi. Nairobi nayo ina makanisa yasiyohesabika, basi chukua makanisa ya kipentekoste ya Kayole. Injili ya mafanikio ina mambo mengi, basi chukua mahubiri ya wakati wa sadaka. Mahubiri hayo yanatumia aya nyingi, lakini moja hurudiwa mno: Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka ghalani. Sasa swali limejitokeza: *Wahubiri wa kipentekoste wa Kayole wanaisomaje Malaki 3:10 wanapohimiza utoaji, na waumini wa kipato cha chini wanaielewaje?*

Tazama kilichotokea. Mtafiti huyu sasa anajua ataketi kwenye viti vya makanisa gani, atarekodi nini na atahoji nani. Anajua pia kwamba lazima awe na Kiebrania cha kutosha kuisoma aya yenyewe, na aeleze ghala la hekalu na fungu la Walawi kabla hajamlaumu au kumtetea mhubiri yeyote. Na mfadhili anaona mara moja darasa litakalotokana na utafiti huo: somo la kuhubiri Manabii mjini.

Pima swali lako kwa maswali manne. Linaweza kujibiwa kwa "hapana", yaani unaweza kukuta ulivyodhani sivyo? Vyanzo vyake unaweza kuvifikia, iwe ni watu, maandiko au nyaraka kama zile za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue? Una lugha zinazohitajika? Kuna wasomi watano au sita ambao tayari wamebishana juu yake, na unaweza kueleza kwa aya moja unatofautiana nao wapi?

Swali lisiloweza kujibiwa kwa "hapana" ni mahubiri. Mahubiri yana mahali pake pa heshima, lakini tasnifu haijengwi juu yake.

Kuhusu lugha, ikiwa uwanja wako ni Biblia au historia ya kanisa, vyuo vingi vitakutaka usome Kijerumani au Kifaransa. Usingoje kukubaliwa. Goethe-Institut iko Maendeleo House, Monrovia Street, na Alliance Française iko jirani. Mwanafunzi anayeandika "nimeshaanza Kijerumani" huaminika kuliko anayeandika "niko tayari kujifunza".

Utajua umefika ukiweza kumweleza mzee wa kanisa lako swali hilo kwa dakika mbili naye akakuuliza swali la maana juu yake, na profesa naye akafanya vivyo hivyo.

## Hatua ya 3: Chagua mahali, kisha mwandikie msimamizi

Kusomea Nairobi kunakuacha karibu na familia, kanisa na watu utakaowahoji, na pesa ya mfadhili inafika mbali zaidi. Ugumu wake ni kwamba kazi haitakuachia: mazishi, harusi, kamati. Ukibaki hapa, barua ya likizo ya masomo iseme waziwazi ni majukumu gani umeondolewa.

Kwingine barani kuna vyuo vikuu vya Afrika Kusini kama Stellenbosch na KwaZulu-Natal, na Akrofi-Christaller kule Akropong, Ghana, ambayo imejikita katika injili na tamaduni za Kiafrika. Kwa anayetaka kufanya utafiti akiwa anaishi nyumbani, Oxford Centre for Mission Studies ya Uingereza imewalea wengi namna hiyo. Marekani uzamivu huchukua miaka 5 au zaidi, na baadhi ya vyuo, Princeton Theological Seminary kikiwemo, hulipia karo na kutoa posho kwa kila mwanafunzi wa uzamivu anayekubaliwa. Hapo ombi la chuo na la ufadhili ni kitu kimoja. Vyuo vingi vya huko hufunga maombi Desemba au mwanzoni mwa Januari.

Msimamizi mwandikie barua pepe fupi. Aya ya kwanza: wewe ni nani na unafundisha wapi. Ya pili: swali lako, sentensi mbili. Ya tatu: andiko lake moja ulilolisoma kweli na linavyogusa swali lako. Mwisho muulize jambo moja: anapokea wanafunzi wapya mwaka huo? Ambatisha ukurasa mmoja wa pendekezo, usizidi hapo. Usianze kwa "Dear Sir/Madam", na usiwatumie maprofesa ishirini barua moja, wanafahamiana.

Akinyamaza wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa heshima. Akinyamaza tena, endelea na mwingine. Jibu kama "swali lako linanivutia, omba" si ahadi ya nafasi, lakini linatosha kuendelea.

## Hatua ya 4: Linganisha mfadhili na hali yako

Wengi hupoteza miezi kwa kuomba ufadhili ambao haukuwekwa kwa ajili yao. Soma masharti ya kustahiki kabla ya kitu kingine chochote.

Ikiwa wewe ni Mkristo wa kiinjili na una chuo cha kurudi, anzia Langham na ScholarLeaders. Ikiwa ni Mkatoliki, angalia missio, shirika la kimisionari la Kikatoliki la Ujerumani, na umuulize msajili wa chuo chako utaratibu wa jimbo. Walutheri waanzie ofisi ya dhehebu lao, kwani milango ya Lutheran World Federation hupitia kanisani. Dhehebu lolote lenye kanisa rafiki ng'ambo lina mfuko wa namna hiyo, na mara nyingi hautangazwi mtandaoni. Katibu mkuu wa dhehebu ndiye anayeujua.

Forum for Theological Exploration na Louisville Institute majina yao hutokea sana ukitafuta ufadhili wa wanaojiandaa kufundisha theolojia. Ni mashirika mazuri, ila ufadhili wao wa uzamivu ni wa wanafunzi waliosajiliwa katika vyuo vya Amerika Kaskazini. Ukiwa Nairobi hujasajiliwa huko, uandike kwenye orodha ya baadaye na uendelee.

Angalia pia ufadhili ni wa kipindi gani. Mwingine ni wa kuanza masomo, mwingine ni wa kumalizia kuandika tasnifu tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiomba huu wa pili, fomu yake haisomwi.

Kina mama wanaosoma theolojia, jiungeni na Circle of Concerned African Women Theologians, mtandao ulioanzishwa Accra 1989 chini ya uongozi wa Mercy Amba Oduyoye. Humo mtapata wenzenu wa kusoma rasimu zenu na nafasi za kuchapisha, na makala iliyochapishwa huinua ombi lolote.

Onyo: chuo kinaweza kukutoza ada ya maombi, nayo huonekana kwenye tovuti yake rasmi. "Mfadhili" anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa ili jina lako lishughulikiwe ni tapeli. Usijibu.

Orodha ya wafadhili watatu au wanne wanaokufaa kweli inatosha.

## Hatua ya 5: Wasaidie wanaokuandikia barua

Mwalimu wako wa uzamili anakupenda, lakini ana wanafunzi wengi na amesahau uliandika nini. Mpe wiki sita. Mtumie pendekezo lako, wasifu, tarehe ya mwisho, na mistari michache ya kumkumbusha: karatasi uliyomwandikia, alama, jambo mlilobishana darasani.

Gawa kazi kati yao. Mmoja aeleze uwezo wako wa utafiti, wa pili jinsi unavyofundisha, wa tatu tabia na uongozi wako. Barua tatu za kusema "ana bidii na anamcha Mungu" ni sawa na barua moja. Askofu aandike ikiwa anakufahamu. Barua ya mchungaji wa mtaa anayeijua kazi yako ina faida kuliko ya askofu aliyekuona siku ya kuwekwa wakfu.

## Hatua ya 6: Andika maelezo yako binafsi

Wito wako uutaje, na uutaje kwa dhati. Uupe aya moja. Aya zinazofuata zieleze darasa: uliona nini kwa wanafunzi wako kilichokufanya utake kusoma zaidi? Pengine wachungaji wanaokuja jioni baada ya kazi ya juakali hawana kitabu hata kimoja cha ufafanuzi kwa Kiswahili. Pengine umechoka kufundisha historia ya kanisa inayoanzia Ulaya na kuishia Ulaya. Sema hivyo, kwa mifano.

Umaskini wa utotoni usiutumie kama hoja kuu. Kamati inasoma maisha magumu mia moja, na haina haki wala namna ya kuyapima moja dhidi ya jingine.

Mwenzako asome rasimu kwa sauti mbele yako. Atakapokwama, hapo pana sentensi ya kuvunjwa.

## Hatua ya 7: Bajeti ya ukweli

Watu huandika karo na nauli ya ndege, wakasahau mengine yote. Hesabu kazi yenyewe. Ukihoji watu 40 kwa saa moja moja, una saa 40 za sauti. Kuyaandika maneno ya saa moja ya sauti huchukua kama saa 4 hadi 6, kwa hiyo ni saa 160 hadi 240 za kazi. Utazifanya wewe, au utamlipa mtu? Mahojiano yakiwa ya Kikikuyu au Kiluo na tasnifu ni ya Kiingereza, ongeza tafsiri.

Weka pia kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), kinachotakiwa kabla ya kukusanya data nchini, na idhini ya kamati ya maadili inayokitangulia. Weka SHA (bima ya afya ya serikali) au bima ya chuo, kodi ya nyumba, na karo ya watoto. Mfadhili asipolipia watoto, bado anataka kujua watalipiwa na nani, kwa sababu anajua mwanafunzi aliyeitwa nyumbani na madeni hamalizi tasnifu.

Mchango wako na wa kanisa uandike hata ukiwa mdogo. Sh5,000 za mtaa kila mwezi ni Sh240,000 kwa miaka minne, tena zinaonyesha kwamba kuna watu nyuma yako.

## Hatua ya 8: Tuma, kisha jiandae kuhojiwa

Tuma siku tano kabla ya mwisho, na uangalie saa: usiku wa manane wa New York ni asubuhi ya siku inayofuata hapa. Majina ya faili yaeleweke, na jina lako liandikwe kila mahali kama lilivyo kwenye pasipoti.

Mahojiano mengi hufanyika kwa video. Andaa simu yenye bando kama akiba, kwa sababu stima haiulizi una kikao na nani. Wataulizia mambo yale yale: kwa nini chuo hicho, kwa nini swali hilo, na ukipewa kazi nje yenye mshahara mkubwa utafanya nini? Hilo la mwisho lijibu kwa ukweli wa maisha yako; taja barua ya likizo, mwenzi wako anasema nini, na makubaliano mliyoandikiana na chuo.

Wengine watakutaka utie sahihi tamko la imani. Lisome lote kabla. Ukiwa na shaka na kipengele, waandikie uwaulize, na usitie sahihi usichokiamini.

## Hatua ya 9: Jibu likija

Ukikubaliwa, usitangaze kanisani kabla ya kusoma mkataba. Tafuta mambo manne: ripoti zinatakiwa lini, pesa inasitishwa kwa sababu gani, unaruhusiwa kupokea mfadhili wa pili, na ukichelewa kurudi kufundisha inakuwaje. Wajulishe wafadhili wengine uliowaomba ndani ya wiki moja, ili nafasi yako iende kwa mwingine.

Kama umebaki kusomea Kenya, anza mapema kupanga makala za majarida ya kitaaluma, maana vyuo vyetu vinadai uchapishe kabla ya kuhitimu, na jarida linaweza kukaa na makala yako zaidi ya mwaka mzima.

Ukikataliwa, omba maoni kwa barua fupi yenye shukrani. Si wote watakaojibu, lakini wapo wanaojibu. Kisha rudi kwenye barua ya chuo na swali la utafiti kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu tatizo huwa katika moja ya hayo mawili. Endelea kufundisha lile somo moja muhula unaofuata, tuma makala moja jaridani, na uwaandikie tena waliokuandikia barua uwaeleze matokeo. Mwakani utawahitaji.